Kisu cha Kukunja cha Shangazi Mejumaa

Siku ya tatu baada ya kumzika shangazi yangu Mejumaa, Bi Nimasi aliniomba nimnolee kisu. Tulikuwa uani kwa marehemu, Msambweni, wanawake peke yetu, tukimenya vitunguu vya chakula cha hitima, na wanaume walikuwa msikitini wakimsomea Qurani. Bi Nimasi alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na shangazi maisha yao yote. Sasa ni bibi kizee asiyeinuka mkekani mpaka ashikwe mkono. Alinisogezea kisu chake cha jikoni, mpini mbele, akasema, "Mwanasha mwanangu, kitie makali. Wewe ndiye uliyefunzwa." Nilikipokea kwa sababu matangani mtu hakatai kazi. Lakini tangu nikiwa msichana nilikuwa sijamwambia mama yule neno zaidi ya shikamoo, na hiyo shikamoo yenyewe nilikuwa naitoa kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. Nikaloweka kinoo, nikakiweka juu ya kitambaa, nikaanza kunoa. Mikono ilikumbuka kazi kabla yangu mimi, na mwaka ule niliokaa katika nyumba ile ukanirudia wote, na hasira zake.

Nilifika pale nikiwa nimetoka tu shule, nina miaka kumi na minane na maneno mengi kuliko akili. Nyumba ya shangazi ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba wenye sakafu ya saruji nyekundu, iliyopigwa dawa hadi ukiteleza ni shauri yako. Huko nyuma kulikuwa na ua, na uani kulikuwa na mafiga, bafu la makuti, na banda la kuku. Mbele, kando ya barabara ya hospitali, alikuwa na kibanda chake cha chakula. Hakupika vitu vingi. Wali wa nazi, mchuzi wa kuku, mchicha, na pilipili ya kukaanga uliyojipakulia mwenyewe. Waliokula pale wengi walikuwa watu waliokuja kuwatazama wagonjwa wao, kutoka Kinango, kutoka Lunga Lunga, kutoka kule juu Kwale, na mtu aliyetoka kumtazama mgonjwa hali kwa kelele. Nilizoea kuwapakulia huku nikisikiliza mazungumzo yao ya chinichini: nani ameongezewa damu, nani ameambiwa arudishwe tu nyumbani. Shangazi hakuwa na mume tena wala hakujaliwa mtoto. Kibanda kile kilikuwa ndicho riziki yake, ndicho jina lake, na ndicho kilichomfanya watu wamwite mama.

Sasa, kwetu pwani kuku ana mwenyewe na ana mchinjaji, na hawa ni watu wawili. Mwanamke atamfuga, atamkimbiza, atamkamata, atamchemshia maji ya kumnyonyolea, lakini kisu si chake. Atasimama mlangoni, kuku kwapani, kisu amekificha nyuma kuku asikione, akingojea mwanamume yeyote Mwislamu apite. Hata kijana aliyebaleghe juzi, sauti bado inamkwama kooni, ataitwa kwa heshima zote: njoo babangu, nichinjie. Nimewaona wanawake wamesimama hivyo jua la saa tano mpaka kuku amelala usingizi kwapani. Kwa shangazi mchinjaji alikuwa Mzee Bakari, ambaye nyumba yake ilitazamana na kibanda. Alikuja kila siku baada ya kunywa chai, akakohoa, akaombwa, akakataa kidogo, akakubali. Kisu chake kilikuwa butu kiasi kwamba alikuwa anasugua zaidi ya kukata, na shangazi aligeuza uso kila mara. Kisha mzee aliondoka na firigisi yake iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Huyo alikuwa kuku mmoja tu. Wale wengine, nilivyoambiwa, walichinjwa alfajiri na watu waliotoka kuswali, nami niliamini, kwa kuwa alfajiri mimi nilikuwa gogo.

Kunoa nilianza kufundishwa wiki zile za mwanzo, chumbani, mlango umefungwa. Nilidhani tunazuia vumbi. Kisu chenyewe kilikuwa cha kukunja, kidogo, cha kuingia mfukoni, mpini wake wa pembe. Mgeni mmoja wa hoteli alikisahau chini ya mto, huko Diani, wakati shangazi alipokuwa akifua mashuka, na mgeni alipokosa kukiulizia msimamizi akampa yeye. Shangazi alikitunza pindoni mwa leso, kimefungwa fundo. Aliloweka kinoo kwenye beseni mpaka kikaacha kutoa mapovu, akakiweka juu ya kitambaa kibichi kisiteleze, akafungua kisu na kukilaza bapa lake juu ya jiwe. Halafu akainua mgongo wa kisu, kidogo tu, kiasi cha kupitisha njiti mbili za kiberiti chini yake. "Hapo," aliniambia, "usipande, usishuke." Mimi nilipanda na kushuka. Nilikandamiza hadi jiwe likalia, nami nikajiona hodari. Akanishika mkono. "Unakigombeza," alisema. "Kisu hakigombezwi. Kipeleke tu."

Nilichukua muda mrefu kukipeleka tu. Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, tulikaa sakafuni, miguu tumeinyoosha, naye alisikiliza bila kutazama huku akichambua mchele wa kesho. Nikikosea alijua kwa sauti. Alinifundisha kwamba upande mmoja ukinolewa vya kutosha, chuma hujikunja kwa upande wa pili na kufanya ukwaru mwembamba usioonekana kwa macho. Huo ukwaru ndio ushahidi. Ukiusikia kwa gumba kutoka mwanzo hadi ncha, geuza kisu. Na gumba lipite kwa upande, lisifuate makali. Hilo la mwisho nililielewa baada ya kulifuata, na damu ikachafua leso yangu mpya. Alinipaka unga wa kahawa kwenye jeraha, akanifunga kitambaa, akaniambia tuendelee. Baada ya jiwe kulikuja kikombe cha kaure kilichopinduliwa, kwa sababu ule mduara wa kitako usio na rangi hulainisha makali kuliko jiwe lolote, na baada ya kikombe mkanda wa ngozi. Mwisho kisu kililazwa juu ya nyanya. Ikibidi ukisukume, unarudi mwanzo. Nilimuuliza kwa nini tunajitesa hivi kwa kisu cha kukatia bamia. Alijibu kwamba kisu kikubwa kikiwa butu utakisaidia kwa nguvu, lakini kidogo hakina msaada mwingine ila makali yake. Niliona ni jibu la kutosha, mimi na akili zangu timamu.

Habari zilienea kwamba mpwa wa Mejumaa ana mkono wa kunoa. Wanawake wa mtaa wakaanza kuleta visu vyao, vimefungwa ndani ya leso, wakavipitisha mlango wa uani. Bi Nimasi ndiye aliyekuwa wa kwanza. Nilivuna sifa, maandazi na dua za kupata mume. Walikaa ukumbini na shangazi wakizungumza habari za harusi na za watoto, na mimi chumbani nikinoa, nikisikia vicheko vinavyokatika ghafla kila nilipotoka na kisu kilichokamilika. Nilifikiri wananisengenya mimi. Msichana wa miaka kumi na minane hufikiri dunia nzima haina la kusema ila yeye.

Siku niliyoona, shangazi alikuwa amenituma Kona ya Musa kununua viungo, nitoke mapema niwahi kurudi. Nilifika barabarani nikakumbuka nimeacha kikapu. Nikarudi, nikapita mlango wa nyuma ili nisimsumbue. Alikuwa amechuchumaa bafuni, mlango wazi, ameelekea kibla, mguu wake umekanyaga mabawa ya kuku taratibu, mkono wa kushoto umeshika kichwa. Nilimsikia akitaja jina la Mwenyezi Mungu. Nikaona kisu kile nilichokinoa mimi mwenyewe jana yake kikitoka pindoni mwa leso. Kilipita, basi. Kuku hakulia wala hakupapatika kama wanavyopapatika wa Mzee Bakari. Mimi ndiye niliyepapatika. Nilishika nguzo ya bafu, na nadhani nilitoa sauti fulani, maana alisema bila kugeuka, "Umeona."

"Nimeona, shangazi."

"Basi njoo ushike miguu."

Nikashika. Hadi leo sijui kwa nini nilishika, labda kwa sababu mikono hutii sauti ya mtu mzima kabla kichwa hakijapata nafasi ya kuuliza. Kulikuwa na kuku wengine wametengwa nyuma ya ukuta wasione, na nilimletea mmoja mmoja. Mchana sikuweza kula. Nilikaa jikoni nikiwatazama wateja wakila kwa mikono yao iliyonawa, watu wa swala tano. Nilikuwa nimelelewa nikijua kwamba alichochinja mwanamke ni nyamafu. Hakuna aliyenisomea popote. Nilijua tu, kama ninavyojua jua linatokea wapi. Na sasa niliona kwamba nyumba nzima ya shangazi, ukarimu wake, harufu ya nazi na bizari iliyovuta watu kutoka wodini, yote ilikuwa imesimama juu ya kitu kile. Na mimi ndiye niliyekuwa nikikitia makali. Jioni nilishindwa kujizuia nikamuuliza kama tumekuwa tukila haramu muda wote huu na kuwalisha watu.

Hakukasirika. Alikuwa anakuna nazi, na aliendelea kukuna. "Nilimuuliza maalim zamani," alisema. "Akaniambia awe Mwislamu, ataje jina la Mungu, na kisu kiwe na makali. Hakutaja ndevu."

"Sasa mbona unajificha?"

"Kwa sababu maalim hali kwangu. Wanaokula ni hawa."

Ndipo nikaelewa yule Mzee Bakari na firigisi yake. Yule kuku wake mmoja alichinjwa hadharani ili watu waone kuku amechinjwa na mwanamume. Wengine walikuwa wa kisu cha shangazi. Shangazi asingeweza kungojea wapita njia kila kukicha na wateja wako mlangoni, wala hakustahimili kumwona kiumbe akisuguliwa shingo. Aliniambia nikitaka kurudi kwetu nirudi, hatanilaumu, lakini nikilisema jambo lile nje, kibanda kitafungwa siku ileile. Nilikaa. Nilikuwa bado na hofu, na kwa siku nyingi nilikula mchicha mtupu, lakini nilikaa, na makali ya kisu kile yalizidi kuwa mazuri kwa kuwa sasa nilijua ni ya nini.

Lilifumuka mwezi wa Shaabani, watu wakijiandaa na mfungo. Bi Nimasi alikuwa anamwoza binti yake, nyumba imejaa wageni, akaja kwa mlango wa uani kuazima chekecheke. Hakubisha, hakuwahi kubisha. Nyuma yake alikuwa na mgeni mmoja aliyejitanda buibui. Walitukuta bafuni, shangazi amechuchumaa, mimi nimeshika miguu ya kuku, kisu mkononi mwake na damu haijakauka. Bi Nimasi alisimama akatazamana na shangazi, muda mrefu kuliko unaohitajika kuona kuku mmoja. Kisha akaweka mikono kichwani akapiga yowe lililosikika hadi ng'ambo ya barabara. Alilia kwamba wamelishwa nyamafu, kwamba Mejumaa amewaharibia ibada zao. Mgeni wake alimshika mkono wakatoka. Chekecheke waliiacha.

Kufikia alasiri hapakuwa na mtu asiyejua. Sufuria ya wali ilikaa juu ya mafiga hadi wali ukatengeneza ukoko mweusi. Mwanamke mmoja alikuja kuuliza kama swala zake zinahitaji kulipwa. Mwingine alirudisha bakuli la mchuzi alilopelekewa alipojifungua, amelijaza mchanga. Mzee Bakari alisema hadharani kwamba ametumiwa, na nadhani hapo hakukosea. Maalim alikuja mwenyewe, akakaa barazani mbele ya watu, akasema kuchinja kwa mwanamke ni halali na wanavyuoni wamelieleza hilo, akaomba sahani akala. Wanaume walimsikiliza, wakaitikia, wakaenda zao kwa wake zao kula walichopikiwa. Waliokuwa wakiamua nani ananunua wapi na nani anaalikwa kupika walikuwa wanawake, na wanawake, Bi Nimasi mbele yao, walipita kibandani wameziba pua. Nyani haoni kundule, nilijisemea, nikifikiria umbea na ushirikina wao. Sikujua jinsi nilivyokuwa karibu na ukweli. Mimi nilitaka kwenda kumtukana Bi Nimasi mlangoni kwake. Shangazi alinikamata leso. "Acha," alisema, na sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa nzito vile. "Ana binti wa kuoza. Acha." Niliona ni upole uliozidi mpaka ukawa ujinga.

Kibanda kilifungwa. Alirudi Diani kufua mashuka ya hoteli, akasimama kwenye maji na sabuni hadi magoti yakamshinda, na mimi nikarudi kwetu mwisho wa mwaka na ufundi mmoja. Kila nilipomtembelea alinipikia kuku wa watu wawili. Hakupikia umati tena. Nikimtaja Bi Nimasi, alibadilisha mazungumzo.

Basi siku ya hitima nilimaliza kunoa, nikakipima kisu kwenye nyanya, nikampa Bi Nimasi. Mchinjaji tuliyemwagiza kutoka Ukunda alikuwa bado hajafika, na kuku walikuwa wamefungwa miguu ukutani tangu asubuhi. Nilidhani anataka kisu kikae tayari. Yeye akaomba ashikwe mkono, akainuliwa, akapelekwa hadi bafuni, akachuchumaa taratibu na magoti yake mabovu, akaelekea kibla. Mwanamke mwingine, mkongwe kama yeye, akamletea kuku kwa namna ya kumficha macho. Mwingine akashika miguu. Hakuna aliyeagizwa. Bi Nimasi akataja jina la Mungu na kisu kikapita, na kuku hakulia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, husema watu. Ule ulikuwa mkono wa shangazi. Kule kukanyaga mabawa kulikuwa kwa shangazi. Nikawatazama wale mabibi mmoja mmoja, nikakumbuka leso zilizopita mlango wa uani, vicheko vilivyokatika, na nikaelewa kwamba mwaka ule nilikuwa nimenoa visu vya kuchinjia vya mtaa mzima.

"Bi Nimasi," nilisema, "tangu lini?"

"Tangu wewe hujaja hapa na begi lako."

"Nani aliyekufundisha?"

Alionyesha kwa kidevu chumba alichooshewa maiti. "Sote," alisema. "Yeye ndiye aliyetufundisha sote."

Nilimuuliza basi lile yowe lilikuwa la nini. Alifuta kisu, akanieleza bila kunitazama. Yule mgeni wa buibui alikuwa mama wa kijana aliyekuwa anamposa binti yake. Angenyamaza, yule mama angejua kwamba Bi Nimasi alikuwa na habari tangu zamani. Kesho yake angetazama ndani ya jiko la Bi Nimasi, kisha la jirani, na mabinti wa mtaa wote wangekaa bila kuposwa. "Mejumaa alinitazama, akaniinamishia kichwa, kama kusema haya, piga," alisema. "Nikapiga yowe."

"Na harusi ilipokwisha? Mwaka uliofuata? Alipokuwa anafua mashuka?"

Bi Nimasi alikifuta tena kisu kilichokwisha kuwa safi. Mmoja alianza kunyonyoa kuku kwa haraka sana. Sijawahi kukasirika vile maishani mwangu, na nilikuwa sijui nimkasirikie nani kwanza, wao walionyamaza au yeye aliyewaacha wanyamaze, akanipikia kuku wa watu wawili miaka yote ile asinidokeze. Nilikoroga mchuzi wa shangazi kwa hasira, na ulitoka mzuri, jambo lililozidi kunikasirisha.

Wanaume walirudi, wakakaa ukumbini na barazani. Salimu, mwanawe Bi Nimasi, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, alikuja uani kuchukua masinia. Tulikuwa tumeshapakua. Alikuwa na simu mkononi. Mchinjaji ndiyo kwanza amempigia, alisema, gari limeharibika, hajatoka Ukunda. Akatazama masinia, akatutazama. "Sasa hawa kawachinja nani?"

Macho ya mabibi wote yalishuka chini, kisha, moja baada ya jingine, yakanigeukia mimi. Nilielewa vizuri wanachoniomba: niseme nimechinja mimi. Nilikuwa mpwa wa marehemu, mgeni, wa kuondoka kesho. Nilikuwa na jina la Bi Nimasi mdomoni tayari, nalisikia kabisa kwenye ulimi.

"Nimechinja mimi, Salimu," alisema mama yake. "Na kuku wote uliokula ukikua nilichinja mimi. Mejumaa ndiye aliyenifunza. Waambie hivyo hivyo. Asiyetaka asile."

Salimu alisimama pale na sinia mikononi, mdomo wazi. Nilidhani ataliweka chini. Aligeuka akaingia ndani, nasi tukamsikia kupitia ukutani akiwaambia wazee kwa sauti ya mtu asiyeamini anachosema, kwamba kuku wamechinjwa na mama. Bi Nimasi alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Halafu mzee mmoja akasema bismillahi, na tukasikia sinia likisogezwa.

Tulikaa hivyo, hakuna aliyegusa chakula chake. Baadaye Salimu alirudi mlangoni. Sinia lilikuwa tupu.

"Mama," alisema, "wanauliza kama mchuzi umebaki."